Kiwanja cha Bondeni na Mwamba wa Ukoo

Bigwa,
Morogoro.
14 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Stambuli,

Shikamoo Mjomba. Natumaini Bukoba imewaamkia vizuri, wewe, Mama Salma na Salma mwenyewe. Goti lako linaelewana na baridi ya ziwani? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, vumbi la kiangazi tu. Mimi usiniulize, mabega yamejaa mpaka mashati yananilalamikia.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu Mama anakuwa karibu, na yeye kwako kila kitu ni "sawa kaka". Ungemwambia ajenge juu ya mti angekuuliza mti gani.

Habari yenyewe ni kile kiwanja ulichomnunulia bondeni, karibu na mto. Matofali yameshafika, na fundi Laurenti anataka kuanza msingi wiki ijayo. Ulikipenda kwa kuwa jembe linazama lenyewe. Nami nilikisifia, maana mchimbaji ni mimi.

Sasa wamekuja watu wa chuo na mwalimu wao, Dokta Devotha, wanapima ardhi ya mji itatikisikaje siku tetemeko likija. Wanapanga vyombo vidogo chini, mtu anapiga bamba la chuma kwa nyundo kubwa, vyombo vinasikiliza. Wanafunzi walikuwa wanapiga kama wanaua mbu. Nikaomba nyundo. Mjomba, tangu hapo wananiita kila asubuhi.

Dokta anasema kwenye ramani ya matetemeko ya nchi mji wetu wote umepakwa rangi moja, kama watoto walioshonewa sare. Kumbe chini hatufanani. Huku mlimani mwamba uko karibu. Kule bondeni ni tope na mchanga ulioletwa na mto, unachimba weee kabla hujagusa jiwe. Tetemeko likiwa lile lile, nyumba ya juu na ya chini kila moja itatikisika kivyake.

Nikamwambia, "Dokta, hapo unatupiga kamba."

Hakubishana. Akanilaza chali juu ya mwamba, na mwanafunzi wake Baraka akapiga nyundo kwa mbali. Nilisikia ko, basi, kama mtu amegonga mlango akaenda zake. Tukashuka bondeni, nikalala tena, kando ya matofali ya Mama. Baraka yule yule, mkono ule ule mwembamba. Mgongo wangu ukatikiswa, ukaendelea kutikiswa, kama mgeni anayeaga na haondoki. Niliinuka nikayatazama matofali ya Mama.

Nilikukumbuka. Mwaka 2016, baada ya tetemeko la huko Bukoba, ulitusimulia ukuta wa chumba chenu ulivyolala chini, wakati jirani yako wa juu mwambani hata kikombe hakikudondoka. Tulisema ana bahati. Siku hizi nafikiri bahati yake ilikuwa chini ya miguu yake.

Nilimuuliza Dokta litakuja lini huku kwetu. Akasema hajui, na atakayenitajia siku nisimwamini. Yeye anaijua ardhi, tarehe hana. Pengine Mama atamaliza umri wake bila sahani kutikisika. Lakini nyumba inajengwa mara moja, na Mama analala usingizi mzito.

Kwa hiyo naomba eneo la ukoo huku juu, pale tambarare penye mwamba, si ukingoni kunakomomonyoka. Najua umejiwekea kwa ajili ya kustaafu. Najua pia ardhi ya ukoo haiguswi na jembe la mpwa kabla mjomba hajatamka, na Mama hatakuomba hata akatwe kidole. Ukistaafu, chumba cha mbele ni chako. Mtagombana vizuri na dada yako kila jioni.

Laurenti ananicheka, eti msingi wa hapo nitauchimba mpaka niote mvi. Mwache acheke, matofali nitayapandisha mwenyewe.

Nisalimie Mama Salma. Salma mwambie binamu yake bado ndiye mzuri kuliko wote Morogoro, asihangaike kutafuta huko. Bibi Maimuna anakuombea dua kila swala. Mungu akulinde juu ya ardhi yoyote unayolala.

Mikono ninayo, nyundo nimeazimwa. Kilichobaki ni neno lako, Mjomba, kabla ya Laurenti kufunga kamba za msingi bondeni.

Mpwa wako akupendaye, hata ukisema hapana,
Twalibu