Maji Aliyonyimwa Festus

Mwatate,
14 Juni 2025.

Mpendwa kaka Reuben,

Pokea salamu za nyumbani. Mwili unasemaje huko Doha? Joto bado linawachoma? Sisi tu wazima, ila usingizi umetuhama. Usinicheke kwa kuandika kwenye karatasi, sababu utaiona.

Tangu tulipomzika ndugu yetu Festus, Mama hali chakula vizuri. Jioni hugeukia mlangoni akisema amemsikia akikohoa pale langoni. Reuben, juzi nilimsikia hata mimi. Niliogopa, nikafunga dirisha.

Kinachomla Mama ni kutasa. Asubuhi ile Festus akiondoka na lori kwenda Taveta, alimwomba amtasie kama Nyanya alivyotufanyia: maji mdomoni, kisha kumpulizia msafiri na kumtamkia baraka. Mama akakataa, eti ameokoka, hayo ni ya kizamani. Lori likapata ajali; Festus hakufika hata Maktau.

Pasta alituambia Mungu alikuwa amepanga. Mama akamwuliza kama alipanga pia yeye akatae. Pasta akaomba chai.

Kisha Mohammed, rafiki ya Festus wa kule Taveta, akaja kutupa pole. Alieleza kuwa neno ajali lilitoka kwa Waarabu, na kwao si magari kugongana, ni muda ambao kila mtu amewekewa. Na kadari, asili yake ni kipimo. Nilishukuru moyoni, nikidhani sasa Mama atapumua.

Mama akamwuliza, "Kwa hivyo hata ningemtasia, angekufa?"

Mohammed akajibu, "Mama Festus, sisi tunafunzwa kwamba dua nayo imeandikwa."

Laiti angejibu ndiyo tu! Siku nzima Mama alirudia kwamba dua ile ilikuwa yake kuitoa. Jana akanituma dukani ninunue karatasi na kalamu ya wino, nikuandikie wewe. Simu hataki.

Shangazi Jerusha anakusalimu sana, binti yake Immaculate na watoto pia. Mungu akufunike huko uliko.

Wako akupendaye,
dada yako Abigael.

Tena: hapo juu wino ulipotambaa si mvua. Nilipomaliza, Mama aliishika barua kwa mikono miwili, akajaza maji mdomoni, akaipulizia na kukutaja jina lako. Anasema uipake usoni kabla haijakauka. Nimeshindwa kumwambia Doha ni mbali kiasi gani.