Shimo Juu ya Kisima

Handeni, 4 Oktoba 1976

Mwanangu Mbaruku,

Salamu nyingi. Idd tumeila salama. Mwanao Semeni kapata gauni, akalichafua siku hiyo hiyo. Wewe na mitambo yako ya umeme mwaendeleaje? Mwandiko wangu ni wa ngumbaru, wa kujifunza ukubwani, uvumilie.

Kijiji chetu kinashindania usafi. Baba yako mdogo Salimu, mwenyekiti wetu, kaamuru shimo la taka lichimbwe korongoni, juu ya kisima, ili wageni wakipita barabarani wasione uchafu. Humo tunatupa kila kitu, hata makopo ya dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Nimesema mkutanoni, nikaambiwa mama, keti. Wewe anakusikia. Njoo umwambie kabla ya vuli, maana korongo lile linamwaga kisimani.

Mama yako,
Mwaija

Hale, 15 Oktoba 1976

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, usingizi tu ndio haba. Mama, zamu zimenibana. Halafu nikimkosoa baba mdogo mbele ya watu atasema kazi imenitia kiburi. Ukaguzi wa usafi wenu uishe kwanza, nitakuja. Kwa sasa chemsheni maji. Semeni msalimie sana.

Mwanao,
Mbaruku

Handeni, 12 Novemba 1976

Mwanangu,

Hujambo? Huku hatujambo ya kusema tu. Bendera ya usafi tumepewa, ngoma zikapigwa, na wiki ile ile vuli ikaanza. Maji ya kisima yananuka, yana utando. Chemsheni, unasema! Kwa kuni zipi? Tangu tuhamishiwe huku, kuni ni za kwenda asubuhi na kurudi jioni. Nachemsha ya Semeni peke yake, naye akienda kucheza anakunywa popote. Anaharisha, amebaki macho. Na hiyo dawa ya pamba, kuchemsha kunaitoa? Nimechoka, Mbaruku. Njoo.

Mama yako

Hale, 22 Novemba 1976

Mama,

Shikamoo. Barua yako imeniliza. Msimamizi kaninyima ruhusa, likizo yangu ni Januari. Baba mdogo nimemwandikia kwa adabu. Semeni mpeleke zahanati. Subira, mama, yavuta heri.

Mwanao,
Mbaruku

Handeni, 5 Desemba 1976

Mbaruku,

Tu wazima, basi.

Barua yako baba yako mdogo kaisoma, akaitia mfukoni. Ijumaa nikaingia mkutanoni na mtungi wa maji ya kisima. Nikamjazia kata. "Karibu maji, shemeji." Akasema amefunga. Loo! Nikamuuliza, "Umefunga, na asubuhi umekula mihogo kwangu?" Mkewe akainamisha kichwa. Salimu hakunywa. Wanaume wakainuka wenyewe, wakaenda kuchukua majembe.

Shimo limefukuliwa, taka zimehamishiwa ng'ambo ya barabara. Lakini bwana afya kasema kisima tusikiguse hadi apime. Tunachota lambo la wafugaji wa bondeni. Kuna mama mmoja, Naisimoi, Mungu ambariki, anazuia ng'ombe wake mpaka tuchote. Ni mbali, na magoti yangu hayawezi tena maji ya watu wawili.

Semeni sasa anakaa, uji unakaa tumboni. Jumamosi ya tarehe 18 tunapanda basi la Korogwe. Nitakukabidhi mwanao pale stendi, kisha nirudi. Usiniandikie jibu, halitanikuta. Zamu yako tafuta mtu akushikie. Usipotokea, tutaketi pale pale mpaka utokee.

Mama yako,
Mwaija