Chebet, Mamako Amefuta Zile Video

Chebet rafiki yangu,

Sijatulia tangu tukuzike Keringet. Nafungua saluni yetu hapa Free Area, nashika kitana, naweka chini, natoka nje, narudi. Wateja wakiuliza nasema niko sawa.

Ulianza na odowa, yale mawe laini ya sokoni ambayo wajawazito hutafuna. Watu mtandaoni wakapenda ulivyoyavunja kwa meno mbele ya simu. Halafu wakataka chaki. Halafu sponji ya vyombo. Nilikukataza, ukacheka: "Wacha uoga, Njeri. Ni video tu." Daktari alisema sponji ndiyo iliyoziba matumbo. Walipokupasua, ilikuwa... basi. Hiyo siwezi kuiandika.

Video zikabaki. Simu yako ilikuwa kwa mamako, na nilipomwomba azifute alinijibu, "Hapo ndipo namsikia akicheka. Unataka nimzike mara ya pili?"

Wiki jana mteja alikuja kusukwa, akaja na binti yake wa shule. Nageuka, msichana ameinua simu, anatafuna kipande cha sponji.

"Tema! Tema sasa hivi!"

Akatema, macho yamemtoka. "Lakini anti, Chebet hula kila siku na yuko sawa."

Yuko sawa. Hakujua umekufa, Chebet! Nikawaambia ulivyokufa, na kwamba mamako hataki kufuta video. Mama yake aliposikia habari yako, nywele zikiwa nusu, alisema, "Tupeleke kwa huyo mama."

Tulimkuta mamako shambani, mikono imejaa udongo wa viazi. Msichana akarudia maneno yake, akilia. Mamako akamfuta machozi kwa leso yake. Kisha akaingia ndani, akatoka na simu. "Njeri, nionyeshe pa kubonyeza."

Kila moja aliisikiliza kwanza, ndipo akafuta. Tulibakisha ile ya mahindi ya kuchoma, ulipoungua ulimi ukacheka mpaka ukakaa chini.

Nyingine watu walishazichukua, zinazunguka huko na siwezi kuzikamata zote. Nazitafuta hata nikiwa na kichwa cha mtu mkononi. Lakini kila nitakayoiona, nitaandika chini yake: huyu alikuwa rafiki yangu, na amekufa kwa hiki mnachokiona. Wanitukane wakitaka.

Pumzika, Chebet. Mamako sitamwacha peke yake.

Njeri