Jina Lako Bado Linaitwa Jumamosi

Somo yangu,

Shuleni walitufundisha kuanza barua kwa kumtakia mwenzako afya njema. Sasa wewe nikutakie nini? Mimi mzima, ila haya mafua ya Toronto yasiyokwisha. Nimekaa sakafuni chumbani kwako, maana viti vyote vimekwishaondoka, nimeegemea ukuta pale ilipokuwa meza yako ya redio. Binti yako Mwanahawa yuko jikoni anafunga vyombo. Kesho anarudisha funguo za nyumba kwa meneja wa jengo. Nimemwomba aniache kidogo, nina maneno na mama yake.

Nina habari kubwa ya leo asubuhi. Lakini subiri. Enzi za uhai wako ulikuwa hunipi nafasi ya kusema mpaka umalize wewe, na kumaliza kwako Mungu anakujua. Leo zamu yangu.

Unakumbuka tulivyojuana? Lifti ya jengo ilikuwa imekufa tena, tukapanda ngazi pamoja tukihema kama punda wa chokaa, ukaniuliza jina. Nikasema Zuhura. Ukacheka mpaka ukakaa kwenye ngazi. "Kumbe somo yangu!" ukasema, na tangu hapo hatukuitana vingine. Wewe mtu wa Tanga, mimi wa Dodoma. Ukaniambia Kiswahili changu kimekaushwa na jua. Nikakuvumilia kwa ajili ya mkate wako wa kumimina tu, nisikudanganye.

Wiki ile ile mashine za kufulia za jengo zikaharibika nazo, nikaja kuomba nianike khanga zangu kwenye balkoni yako. Pale palikuwa na kamba mbili: moja nene ya nguo, na juu yake waya mwembamba mweusi uliozungushwa pande tatu za balkoni. Mimi nikaona ule mwembamba ndio uko juu, utapata upepo. Nikatandaza khanga zangu mbichi, nikarudi ndani kunywa chai. Haikupita dakika ukatoka chumbani mbio, vidude vya kusikilizia vinaning'inia shingoni, unapiga kelele: "Somo, umeniziba mdomo!"

Nilidhani umepandwa na mashetani. Kumbe ule waya ndio ulikuwa antena yako, na ile kamba ya nguo uliifunga ili meneja akitazama kutoka chini aone ufuaji, asione redio. Miaka yote umemchezea yule bwana, na wa kwanza kudanganyika nikawa mimi.

Ndipo ukanikalisha. Ulikuwa umefundisha fizikia kwa wasichana wa sekondari kule Tanga kabla ya kuja huku na kuajiriwa kwenye maabara ya vifaa vya kusaidia kusikia, na ualimu haukukutoka hata siku moja. "Chukua mia tatu," ukasema, "gawa kwa megahezi za masafa unayotaka, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Chukua nusu yake. Halafu punguza kidogo tena, maana wimbi kwenye waya haliendi kama linavyokwenda hewani." Masafa yenu ya Jumamosi, wewe na wenzako wa redio wa miji mingine ya Kanada, yalikuwa megahezi kumi na nne na kitu, kwa hiyo waya wako ulikuwa mita kumi hivi, umekatwa katikati na kuungwa na kebo ya redio. Waya ukiwa na urefu wake, sauti inatoka. Ukiutwika nguo ya maji, umeubadilisha. Wimbi linafika, linagoma, linarudi lilikotoka. Ukanionyesha kipimo kidogo kando ya redio, sindano yake inavyopanda nguvu zinaporudi. Ukaondoa khanga zangu, sindano ikalala.

Mimi ninayetunza hesabu za daktari wa meno, niliyekimbia fizikia kidato cha pili, nikajikuta nakuja kila Jumamosi. Mwanzoni nilikuja kwa mkate. Baadaye sijui nilikuja kwa nini.

Volti na ampea ulinifundishia pale chini, tukingoja lifti. Uliniambia nitazame wale watu waliojaa mlangoni. Jinsi wanavyosukumana, hiyo volti. Wanaofanikiwa kupita, hao ampea. Na ule mlango mwembamba unaowabana, hizo omu. Ukizidisha msukumo, wanapita wengi. Ukibana mlango, wanapita wachache. Mama mmoja wa Kongo aliyekuwa na kigari cha mtoto akakuuliza kama unamtukana. Nilicheka nikakosa lifti.

Na ulinifundisha hodi. Hilo ndilo lililonikaa zaidi. Kwamba hata hewani mtu haingii tu. Unasikiliza kwanza, kisha unauliza kama kuna mwenye kutumia masafa haya, unangoja, unauliza tena. "Hewa ni ya watu," ulikuwa unasema. "Asiyepiga hodi hakulelewa." Jaribio lako la kuipata Tanga lilikwama kila mwaka, ukaambulia kelele za mvua na sauti za watu wa Brazili, nami nikakutania kwamba Tanga wanakusikia ila wamekunyamazia makusudi. Ukanijibu kwa jina la khanga: japo sipati, tamaa sikati.

Halafu ukaondoka, baridi ikianza. Asubuhi umenipigia simu unanikumbusha nazi. Mchana Mwanahawa ananipigia, na kabla hajasema neno nilijua, kwa sababu alikuwa anapumua tu. Moyo, walisema madaktari. Moyo wako! Ningeelewa wangesema mdomo, kwa jinsi ulivyoutumia. Nisamehe. Sijui kulia bila kutania, na sijui kutania bila kulia tena.

Tulikuosha, tukakusalia, tukakuzika ardhi ikiwa ngumu kama sahani. Tanzia ilizunguka kama inavyozunguka siku hizi: msikitini, kwenye simu, kwenye yale makundi ambayo watu wanatuma pole na papo hapo wanatangaza vitumbua. Tanga walijua kabla hatujatoka hospitali. Nikadhani kila anayestahili kujua amejua.

Jumamosi iliyofuata nikaingia chumbani kwako kuchomoa redio. Sikuchomoa. Niliiwasha. Nikasikia kikao chenu kimeanza na yule mzee wa Halifax, Bwana Walter, anaita majina moja moja kwa mpangilio wa alfabeti, na kila mmoja anaitika kutoka mji wake. Jina letu likafika mwisho kabisa. "Zuhura, Toronto." Akangoja. Kimya. Akangoja tena, akasema basi leo hayupo, tunamsalimu popote alipo.

Somo, nilianguka kwenye kiti chako nikalia kwa sauti. Watu waliokujua kwa sauti tu, miaka yote hiyo, hawakuwa na namba ya simu wala msikiti wa kuambiwa. Nao walikuwa wanakusalimu popote ulipo.

Mwanahawa alisema, kwa Kiingereza chake, kwamba nibonyeze tu kile kitufe niwaambie, nani atajua? Kusikiliza ni ruhusa ya kila mtu, lakini kusema kunataka cheti, na mimi sikuwa nacho. Akasema basi tutafute mtu yeyote wa redio mwenye cheti aliyeko mjini, atangaze. Nikakataa. Alinuna na mimi nikanuna. Lakini nilikuwa nakumbuka siku alipofariki yule mwenzenu wa Winnipeg, mkewe mwenyewe, naye ana cheti, akaja hewani kuwaambia. Ulitoa vile vidude masikioni ukasema: "Hivyo ndivyo. Tanzia hutoa mtu wa nyumbani." Kisha ukanieleza kwamba mtu wenu akifa mnasema ufunguo wake umenyamaza, tangu enzi za kugonga simu za maandishi kwa kile kidude kilichoitwa ufunguo. Sasa mimi nikupeleke kwa watu wako kupitia mpita njia? Au niingie kwao kwa dirisha bila cheti? Wewe ungefufuka kunizaba kibao.

Nikaanza kusoma. Kila Jumamosi niliwasha redio, na kila Jumamosi Bwana Walter aliita, akangoja, akakusalimu. Kiti chako alikuwa anakiacha wazi, kama watu wanavyosogea mkekani kumwachia nafasi mtu aliyekwenda kutawadha. Nilijifunga kitambaa kichwani, nikasoma mpaka omu zikaniingia ndotoni. Nikaenda kufanya mtihani, nikafaulu. Nikapiga kigelegele pale pale, yule mzee msimamizi akaruka. Halafu akanieleza taratibu kwamba kufaulu kwangu ni kwa kawaida, kunanipa masafa ya karibu ya hapa mjini tu. Masafa marefu, yale ya kufika Halifax, yanataka alama za juu zaidi.

Nilirudi nyumbani kwa basi. Mkataba wa nyumba yako ulikuwa unakaribia kwisha, na balkoni yangu mimi imetazamana na ghorofa jingine uso kwa uso. Waya pale ungeongea na ukuta. Nilijiona mjinga. Nilikukasirikia hata wewe, kwa kufa katikati ya somo la antena.

Nikarudia. Safari ya pili nilipofika kwenye maswali ya volti niliwaona wale watu wa lifti, na yule mama wa kigari, nikacheka peke yangu. Alama zikatosha, somo. Zikatosha na kubaki. Cheti kikaja na herufi zangu mwenyewe za kujitambulisha hewani.

Sasa habari ya leo.

Leo ndiyo Jumamosi ya mwisho kwenye nyumba hii. Niliwahi mapema. Nikasogea pembeni kidogo ya masafa yenu, nikasikiliza, nikapiga hodi, nikauliza tena, kimya. Nikajaribu kwa nguvu ndogo, na ile sindano ikapanda hadi juu. Nikazima. Nikakagua kebo, nikaibana, nikagusa viungo vyote vya waya ulivyochomea kwa risasi. Nikajaribu tena. Sindano juu. Na Bwana Walter amekwishaanza kuita majina, yuko kwenye herufi B. Nikasema basi, imekataa, umeondoka na redio yako.

Ndipo nikainua macho dirishani. Khanga zako tatu, zile zilizopatikana nyuma ya kabati jana, zilikuwa zimetandazwa kwenye waya, zinachuruzika maji, na pindo la moja limegusa reli ya chuma. Mwanahawa alikuwa amezifua asubuhi azipeleke kwa shangazi zake, na akaona ule waya wa juu utapata upepo.

Nikapiga kelele kabla sijafikiri. "Mwanahawa, umetuziba mdomo!"

Alikuja na sahani mkononi, akasimama. Maneno yale ameyasikia kwako kila uliposimulia kisa changu. Hakuwa amelia tangu mazishi, mtoto yule, alikuwa anapanga mambo tu, simu hii, karatasi ile. Leo akaweka sahani chini, akalia kama aliyefiwa sasa hivi. Kisha akasema kwa Kiswahili, yeye anayenijibu Kiingereza siku zote: "Nisamehe, mama mdogo." Tukazianua pamoja. Alizikumbatia hivyo hivyo mbichi, akaloa kifua kizima, na mimi nikarudi mbio kwenye redio. Sindano ikalala chini, nikarudi kwenye masafa yenu.

Bahati yetu jina letu liko mwisho wa alfabeti.

"Zuhura, Toronto," akaita. Akangoja.

Nikabonyeza. Nikataja herufi zangu, nikasema hapa ni Toronto, jina langu Zuhura. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, somo, isipokuwa furaha ya yule mzee. Alipiga kelele. Alisema, Zuhura, umerudi! Wengine wakaingiliana hewani kwa kukukaribisha, mpaka sikusikia nani ni nani. Na mimi nimeshika kile kipaza sauti, natakiwa nikuue mara ya pili.

Nikangoja wanyamaze. Nikawaambia mimi ni Zuhura mwingine. Nikawaambia kwetu wenye jina moja huitana somo, na kwamba somo yangu, mwenye herufi mlizozizoea, ufunguo wake umenyamaza. Nikawaambia umezikwa vizuri, katikati ya watu wako. Kiingereza kilinipotea nikamalizia kwa Kiswahili, sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, na sidhani kama kuna asiyeelewa.

Kisha wakaja mmoja mmoja, kila mtu na herufi zake na mji wake, kunipa pole, kama foleni ya kushikana mikono matangani. Yule mama wa Manitoba uliyekuwa unabishana naye kuhusu hali ya hewa alishindwa kumaliza. Mwanahawa alikuwa amekaa sakafuni, kichwa chake gotini kwangu, anasikiliza mama yake anavyopendwa na watu asiowajua.

Mwisho Bwana Walter akaniuliza, kwa upole sana, kama alitoe jina kwenye orodha yake.

Nikasema hapana. Aliache.

Waya nimeuteremsha. Nimeukunja, uko hapa miguuni pangu pamoja na redio. Mwanahawa amesema ni vyangu. Nimekwishanunua betri na fimbo ndefu ya kuvulia samaki ya kuusimamishia, na Jumamosi nitakwenda nao uwanjani Riverdale, penye nafasi. Mvua nitavaa koti. Baridi kali ikirudi nitajua huko mbele. Nikisikika hadi Tanga, salamu zako nitazitoa mimi.

Lala sasa, somo yangu. Mungu akupanulie mahali pako. Na Jumamosi wakiita Zuhura, usihangaike. Nitaitika.

Somo yako,
Zuhura