Kiti Changu cha Msibani

Sindeni, Jumatano. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Nimerudi kutoka Korogwe nimechoka, goti la kulia linawaka moto, na humu ndani hakuna wa kumsimulia. Basi naandika.

Nilikwenda kuomba sindano ya pili. Nimenyimwa.

Ya kwanza nilichomwa baada ya kuvuna mahindi. Daktari alinieleza vizuri: ni dawa ya steroidi, inaingizwa ndani ya goti lenyewe, inatuliza uvimbe, na maumivu yanapungua kwa wiki kadhaa, kwa wengine hata miezi. Haiponyi goti lililokwisha kulika. Na kwa sisi wenye kisukari, inaweza kupandisha sukari siku za mwanzo. Niliitikia kila kitu kama mwanafunzi anayesubiri kengele.

Sikumwambia niliitakia nini hasa. Si shamba, wala si kisima.

Nilitaka kukaa chini kwenye mkeka.

Huku kwetu msiba ukitokea, wanawake hukaa ndani mikekani, miguu imenyooshwa, bega kwa bega. Mimi ni mwalimu mstaafu, nusu ya wanawake hao nimewafundisha kusoma. Nikitokea tu mlangoni, mtu anakimbilia kiti. "Mwalimu, karibu kiti." Wananipa kwa heshima, na mimi nakikalia kwa sababu goti halikunji. Basi naketi huko juu peke yangu, naangalia vilemba. Wakinong'onezana, hayanifikii. Wakiegemeana wakilia, mimi naegemea ukuta. Tangu mume wangu afariki na watoto kuhamia Dodoma, misibani ndipo mahali pekee ninapokaa na watu mchana kutwa, na hata huko nakaa kama mgeni rasmi.

Ile sindano ilifanya kazi, nisiseme uongo. Wiki ya pili nilikwenda kwenye hitima Kwamsisi na kabla hawajaleta kiti nilikuwa nimeshajibwaga mkekani. Mama mmoja nisiyemjua alinilalia begani akasinzia. Nilisikia umbea wote wa kijiji. Nilicheka mpaka nikaona aibu, maana ilikuwa hitima. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nifiwe.

Sasa maumivu yamerudi, na Jumamosi ni arobaini ya mama yake Zaina, jirani yangu wa ukutani.

Leo daktari alipima sukari, akaikuta iko juu. Akasema tusubiri kwanza, sukari ishuke, tena dawa hii ikirudiwa mara kwa mara inaweza kuila ile gegedu laini inayotenganisha mifupa, goti likaharibika zaidi. Nilibembeleza. Hapo akaniuliza, "Nyumbani unaishi na nani, Mama? Sukari ikipanda usiku, nani atajua?"

Nikamjibu naishi na wajukuu.

Wajukuu wangu nawaona kwenye simu.

Nilipotoka nilipitia duka moja la dawa karibu na stendi. Nilikuwa nimesikia wanachoma sindano. Yule bwana hakuniuliza umri, wala sukari, wala jina. "Dawa gani hiyo?" nikauliza. "Ya maumivu, Mama. Kesho utakimbia." Akaanza kuvunja kichupa. Nikasimama, nikaomba radhi, nikatoka. Ningependa kuandika kwamba niliongozwa na busara. Kweli ni kwamba niliogopa kufa kitandani na kugunduliwa na mtu aliyekuja kuomba chumvi.

Jioni Zaina alipita uani akiwa na beseni la mchele wa shughuli. Akanisalimia kwa adabu yake yote, "Shikamoo Mwalimu," kisha akasema, "Jumamosi usiwe na wasiwasi, kiti chako tumeshakitenga. Kile chenye mto."

Nikasema ahsante. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Darasa la tano nimelifundisha miaka mingi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitoa mifano, nilisahihisha madaftari. Lakini kumwambia Zaina kwamba kiti nakikalia si kwa ukubwa, ni kwa goti, nilishindwa. Na yeye atajuaje? Huenda wote wanadhani mkeka wao siutaki.

Asubuhi nitavuka uani kwake. Nitamwambia goti limekufa na sindano sipati, kwa hiyo aniwekee kiti, lakini na yeye avute cha kwake akae karibu, hata kwa dakika chache. Nitamwambia nina kisukari. Nitamwomba akiona sijafungua mlango asubuhi, agonge.

Hapo itabidi nitamke kwamba naishi peke yangu. Zaina analijua hilo, ukuta wetu ni mmoja. Mbona ndilo ninaloona aibu kulisema?