Tulivyoiunganisha Kompyuta ya Kilian

Jumatatu, 9 Juni

Likizo imeanza. Nilidhani nitapumzika!

Mama mkwe kafika mchana kutoka Kihagara, kule ziwani. Kapu la usipa wakavu, dagaa wa Nyasa, mkono mmoja, mkono wa pili begi tupu. Nilipoliona lile begi moyo ukanishuka. Nikampa shikamoo, nikampa chai. Akanywa amejifunika kitenge mpaka masikioni, baridi ya Mbinga haiwezi kabisa. Alipomaliza kikombe ndipo akasema.

“Otilia, nimekuja kumchukua mwanangu. Kule nyumbani kuna joto, kuna ndugu. Atakaa barazani, watu watapita watamsalimia. Hapa wewe unashinda shuleni, yeye anashinda na ukuta.”

Na Kilian, mume wangu, alikuwepo! Palepale kwenye kochi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikuwa anasugua goti lake kwa kiganja, kama anafuta kitu.

Tangu presha ya macho immalizie uoni mwaka jana, amekuwa hivyo. Mtu aliyefundisha kompyuta sekondari, aliyekuwa akiitwa mpaka Kigonsera kutengeneza mashine za watu. Wiki iliyopita mkuu wake wa shule, Mwalimu Ladislaus, alipiga simu. Mpole, lakini alisema: shule ikifunguliwa Julai lazima awepo mtu wa somo la kompyuta. Kilian akajibu, “Sawa, mkuu.” Sawa!

Ningependa agombane. Hata na mimi.

Jumanne, 10 Juni

Nimemkasirisha. Vizuri.

Juu ya kabati yapo maboksi aliyokuwa akinunua kidogo kidogo kabla macho hayajaharibika. Kompyuta ya mezani ya kuunganisha mwenyewe. Mengine yalitoka Dar kwa basi, kadi ya picha, ya kuendeshea skrini, kanunua kwa mtu, imetumika. Yamekaa yamefunikwa shuka. Hatuyataji.

Leo nimeyashusha yote mezani. Mama mkwe akauliza ni vyombo vya nini. Kilian akasikia boksi linavyokwaruza meza — kageuka haraka!

“Otilia, rudisha.”

Nikamwambia sirudishi, naiunganisha. Akacheka, lile cheko baya. “Wewe? Hata chaji ya simu unachomeka kichwa chini.”

“Basi nielekeze.”

Mimi huyo nikafungua boksi, nikatoa kitu kwenye mfuko wa plastiki. Akaniuliza nimeshika nini. Sijui, nikasema, kibao kina miba. Akaruka kwenye kochi! “Usiguse katikati! Shika pembeni! Hiyo ndiyo mazabodi, kila kitu kinakaa juu yake!”

Akaja akipapasa viti mpaka mezani. Akaichukua. Vidole vyake vikatembea ukingoni polepole, akaanza kutaja: hapa prosesa, ubongo wake, hapa RAM, kumbukumbu yake, hapa feni. Sauti yake ya darasani. Sijaisikia muda mrefu.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Ameacha.

Jumatano, 11 Juni

Mungu wangu, siku gani hii.

Mpango wetu: mimi macho, yeye maarifa. Unasikika vizuri. Kwa kweli ni vita. Yeye anasema, “Ule waya mwembamba upande wa kulia.” Wangu kulia au wa mashine? “Wa mashine!” Mashine imelala chali, kulia kwake wapi? Anaigonga mazabodi kwa ukucha, anapandisha pumzi.

Tumefunga prosesa, tumefunga feni yake, tumeteremsha mazabodi kwenye kasha, tumekaza skrubu zote. Mbili zimeangukia ndani, tumeinua kasha tukalitikisa kama debe la mahindi. Ndipo Kilian akapitisha mkono kwa nyuma, akasimama.

“Otilia. Bati la nyuma liko wapi?”

Nilikuwa nimemwambia nimeliweka. Nilidhani anasema mfuniko! Kumbe ni kibati chembamba chenye matundu ya kupitishia waya, na hakiingii ila mazabodi ikiwa nje. Kilikuwa ndani ya boksi bado, chini ya karatasi.

Kufungua kila kitu upya. Kapandisha sauti: angekuwa na macho kazi hii angeimaliza asubuhi moja. Nami nikapandisha: angekuwa na macho nisingekuwa hapa nashika bisibisi, ningekuwa shambani nachuma kahawa yangu kama watu! Nikajuta papo hapo.

Halafu akasema polepole, “Basi angalau tumegombana.”

Nikacheka mpaka machozi. Kumbe na yeye alikuwa akilitamani hilo.

Amejikata kidole kwenye ukingo wa kasha. Mama mkwe kamfunga kitambaa akinitazama mimi. Macho yake yanasema: unamtesa.

Ijumaa, 13 Juni

Jana hatukugusa. Nilikwenda kuchuma, buni zimeiva upande wa bondeni.

Leo asubuhi tumemaliza waya. Kilian kabonyeza kitufe mwenyewe. Alikuwa amevaa shati safi, nimeona.

Hakuna kitu. Kimya. Kabonyeza tena. Kimya. Akapapasa swichi ya nyuma — iko sawa. Waya wa ukutani — umeingia. Uso wake ukazimika. Akasema nimeua kitu, au yeye ameua, ile siku ya kulitikisa kasha. Akarudi kwenye kochi. Goti lile lile, kiganja kile kile.

Mama mkwe akasema, “Imetosha sasa. Jumamosi ijayo tunashuka.” Kilian akaitikia kwa kichwa. Nimeona! Kaitikia!

Nikaenda jikoni nikalia kwenye mvuke wa maharage. Ndipo jirani, Mama Hilda, akaita toka uani: kwenu pia umeme umekatika?

Umeme! Umeme haukuwepo! Yeye haoni taa, mimi mchana sikuiangalia, na wote wawili tunajiita walimu.

Nikarudi mbio, nikamwambia. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anashindwa kuvuta pumzi. Hata mama mkwe midomo ilimcheza, akageukia dirishani.

Umeme haujarudi mpaka sasa. Sijali.

Jumamosi, 14 Juni

Umerudi! Kabonyeza — feni zikazunguka! Nikapiga kigelegele. Akaninyamazisha kwa mkono.

“Sikiliza.”

Kwenye mfuko wa skrubu palikuwa na spika ndogo kama punje ya hindi, tuliichomeka jana bila mimi kujua ni ya nini. Ikawa inalia: piii… piii… piii. Kilian kainamisha kichwa, kafumba macho — anafumba bado, akitaka kusikia vizuri.

“RAM haijakaa.”

Hakuniambia nishike. Kazima, kaingiza mkono, kakitafuta kile kibao kirefu cha RAM, kakisukuma kwa vidole gumba. TAK! Nilishtuka nikidhani kimevunjika. Kawasha tena. Spika ikalia mara moja tu, fupi.

Akainua mikono juu kama mchezaji aliyefunga goli. “Imepita! Mama, imepita!”

Mimi naangalia skrini. Nyeusi. Nikamwambia haionyeshi kitu, nyeusi tii. Akasema haiwezekani, imelia moja, iko hai. Nikasema ninayeona ni mimi! Akasema anayesikia ni yeye!

Tumebishana pale kama watoto, kumbe sote tulikuwa sahihi. Mashine ilikuwa hai. Ila mimi waya wa skrini nimeuchomeka tundu la mazabodi, badala ya tundu la ile kadi ya picha, chini yake kidogo. Nimeuhamisha — maandishi yakajaa kioo kizima!

Nikamsomea yote. Hata yale nisiyoyaelewa. Alitaka yote.

Jumapili, 15 Juni

Misa ya kwanza. Kilian kaimba, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Mama mkwe alinibana mkono wakati wa wimbo. Sijui ni kwa wema au kwa nini.

Jumanne, 17 Juni

Nilishangilia mapema. Tumeshaweka mfumo wa kuiendesha, mimi nasoma, yeye ananiambia bonyeza hiki, acha hicho — halafu inazima yenyewe. Inawaka, inafanya kazi muda wa kunywa chai, pu! Inazima. Siku mbili hivi.

Leo akasema tuifungue. Kanusa. Kagusa vibomba vya kubebea joto chini ya ile feni ya prosesa: baridi kabisa. Akasema ajabu, prosesa inachemka lakini joto halifiki huku. Kuna kitu katikati yao.

“Otilia, ulipoifunga feni, chini yake kulikuwa na karatasi ya plastiki? Ngozi laini inayoonyesha ng’ambo?”

Nikahisi masikio yanapata moto. Ilikuwepo. Nilidhani ni ya kuikinga! Nilijisifu kabisa moyoni kwamba sijaichana!

Nikamwambia ukweli. Nilisubiri ukali. Akauliza tu, “Ilikuwa na maandishi?” Ndiyo, mekundu, ya Kiingereza. “Yalisemaje?”

Yalisema ondoa kabla ya kufunga.

Alicheka mpaka mama mkwe akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Kilian kamweleza mwenyewe, kwa Kinyasa, kwa mikono. Mimi Mmatengo nimeambulia jina langu tu na kicheko cha mama. Wacha wanicheke!

Tumeibandua, tumefuta, tumepaka dawa ya kupitisha joto iliyobaki kwenye tyubu, tumefunga. Imewaka mchana kutwa. Haijazima.

Jumatano, 18 Juni

Tumeweka ile programu ya kumsomea maandishi kwa sauti, kwa intaneti ya simu yangu. Inasema Kiswahili! Kibaya, puani, kama padri mgeni aliyefika juzi. Lakini kinaeleweka.

Kilian kavuta kiti. Mikono kwenye kibodi. Nilishika ukingo wa meza. Vidole havikusahau hata herufi moja — tatatata, na ile sauti nyuma yake ikisema kila anachoandika. Hakuniuliza kitu. Nilisimama nyuma yake na bisibisi yangu, sina kazi. Furaha gani ile, kutokuwa na kazi!

Halafu kaandika sentensi ya Kinyasa, kumchokoza mama yake. Mashine ikaisoma. Mama mkwe kashika kifua. “Nani huyo anayeharibu lugha yetu hivyo?” Kaisogelea, kairekebisha matamshi, mara mbili, kwa ukali. Mashine ikarudia vilevile. Akairekebisha tena.

Ijumaa, 20 Juni

Kampigia Mwalimu Ladislaus mwenyewe. Sikumwambia apige. Nilikuwa naanua kahawa, nikasikia dirishani: “Mkuu, shikamoo. Nilisema sawa, lakini haikuwa sawa. Nipe darasa moja nikuonyeshe.”

Mkuu hakuahidi. Kasema aje Jumatatu, na makamu wake atakuwepo, waone. Kama watakataa sijui itakuwaje.

Lakini kaomba! Kilian kaomba!

Mama mkwe kasikia pia. Jioni alikuwa akikunja nguo zake. Za Kilian hakuzigusa. Sikumuuliza, naogopa jibu.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi. Ukungu mpaka mlangoni. Gari la kushuka ziwani linaondoka stendi likijaa, na mama mkwe alishamwambia kondakta amwekee nafasi. Nafasi ngapi? Nilimuuliza hatimaye, pale jikoni. Akapuliza chai yake. “Nilisema mbili. Hiyo ilikuwa Ijumaa ile ya umeme.” Basi. Ndilo jibu lote nililopata.

Nimeandika hapo juu nikaitwa. Nimekwenda, nimerudi, naendelea nimesimama.

Kilian kaifungua mashine tena! Inafanya kazi vizuri na kaifungua! Anasema feni moja inakwaruza kidogo, mimi sisikii kitu. Kafungua mfuniko mwenyewe, bisibisi mkononi, kapiga magoti sakafuni. Na mama mkwe kakaa chini pembeni yake, kitenge kichwani, viatu vya safari vimeshafungwa kamba, kashika kisosi cha chai. Kilian akitoa skrubu anaiachia, mama anaidaka kwenye kisosi kabla haijaanguka.

Simu ya mama imeita. Kondakta: gari limejaa, wanakuja au hawaji? Mama kaibana kwa bega, mikono yote iko kwenye kisosi.

“Ngoja kidogo, baba,” kamwambia. “Tuna kazi hapa.”

Nasikia kondakta anafoka. Mama hajainuka.