Pengo Katika Lenzi ya Ozélie

Pointe-à-Zacharie,
New Brunswick.
19 Agosti 2019.

Mpendwa Kaka Onésime,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako ukungu umetuganda wiki nzima. Habari za Alberta? Mgongo unaendeleaje, na kule kambi ya wafanyakazi bado wanakulisha maharage ya kopo? Sisi wazima, ila mimi nimejaa hasira, na nisipoimwaga kwako nitamrushia mtu sufuria.

Unajua jinsi mpwa wako Ozélie anavyojikwaa ngazini na kusoma kitabu kikiwa kimegusana na pua. Miaka miwili shuleni wamemwita mvivu. Mwalimu wake, Bi. Duguay, alimwambia mbele ya wenzake, "Ozélie, macho umefumbua lakini mwenyewe umelala." Darasa zima likaangua kicheko. Jioni mwanangu akaniuliza kama ni kweli yeye ni mjinga.

Tulimpeleka duka la miwani mjini. Yule bwana alimtazama upesi upesi, akampa miwani isiyomsaidia lolote, kisha akaninong'oneza, "Mama, huyu anajitia haoni ili aonewe huruma." Matone ya kupanua mboni hakumtia, eti mtoto analia na wateja wanangoja. Huruma! Mtoto wa miaka saba anayegonga milango!

Juni tukaenda Moncton kwa daktari wa macho ya watoto, mwanamke mfupi mwenye sauti ya nahodha. Alimtia matone, akamwacha alie mpaka akanyamaza, akampima, halafu akanionyesha kwenye skrini lenzi iliyo ndani ya jicho lake. Kaka, haikuwa duara. Ukingo wake wa chini ulikuwa na pengo, kama biskuti iliyomegwa.

"Nani kaimega?" nikauliza kama mpumbavu.

"Hakuna aliyeimega, mama. Lenzi huvutwa pande zote na vinyuzi vyembamba. Upande huu havikuumbika tangu tumboni, basi lenzi nayo ikajikunja. Pengo lenyewe hujificha nyuma ya ile rangi ya jicho. Bila matone, halionekani."

Macho yote mawili yako hivyo, ila la kulia limezidi, na ubongo umeshazoea kulipuuza. Amepewa miwani ya kweli, na kila siku tunaliziba la kushoto kwa kiraka ili la kulia lifanye kazi. Litapata nafuu, lakini tungeanza mapema lingepata zaidi. Hapo ndipo damu iliponichemka.

Kesho yake nikawa shuleni. Bi. Duguay akasema, "Hatukujua." Nikamwambia, "Kutojua si kosa. Lakini hukujua, na bado ulimhukumu." Sikutoka pale mpaka alipomwomba radhi mtoto mbele ya darasa lile lile lililomcheka.

Na mama mkwe wangu, Alphonsine! Yeye kajua chanzo bila hata daktari: "Nilikukanya usiende na mimba kiwanda cha kuchemshia kaa wa baharini. Mvuke ule ndio umemla mtoto macho." Daktari alisema waziwazi kwamba sikufanya kosa lolote, lakini mkwe kaitangaza habari yake mpaka kanisani. Mume wangu Théotime anakohoa tu na kutazama dirishani.

Alhamisi ilikuwa sikukuu yetu sisi Wakadia, wazawa wa Wafaransa wa pwani hii. Tulipokuwa tunajipanga tupigwe picha, Alphonsine akamwambia Ozélie, "Hebu vua hicho kiraka, mjukuu wangu, watu watatucheka."

Nilishafungua mdomo nimpashe, mtoto akanitangulia. "Sivui, Bibi. Wewe sogea karibu."

Bibi akainama. Ozélie akamshika mashavu, akamkodolea jicho lake lile dhaifu, kwa muda mrefu kweli.

"Kumbe una kidoti hapa kidevuni," akasema. "Na macho yako ni ya kijani! Mimi nilidhani ni meusi."

Alphonsine akapiga magoti palepale barabarani na gauni lake jipya, akasema, "Tazama, mwanangu. Tazama vizuri." Picha tulipigwa na kiraka chake.

Mimi bado hajaniomba radhi, nami bado nangoja.

Msalimie sana wifi Georgette na wanao. Théotime anakusalimu, na Ozélie anasema Krismasi uje, akuone mjomba wake ulivyo. Mungu akulinde huko mbali na akurudishe kwetu salama.

Mimi mdogo wako, mkali kwa wengine, mpole kwako,
Rosalba